Usipige Kiki Kwanza: Kuamsha Pikipiki Iliyolala Karibu na Bahari

Ukiitoa pikipiki bandani baada ya miezi minane au miaka miwili, mguu unawasha. Unataka kutia petroli lita moja, kufungua swichi na kupiga kiki uone kama bado inawaka. Usifanye hivyo. Katika mwambao huu wa kaskazini ya Dar es Salaam, kuanzia Bunju na Mapinga hadi Bagamoyo mjini na kuendelea hadi vijiji vya Saadani, kiki ya kwanza ndiyo inayoharibu mashine nyingi ambazo zilikuwa bado nzima. Ndani ya silinda kuna kutu nyembamba, na ringi zinaburuzwa juu yake zikiwa kavu. Petroli iliyoharibika chini ya tangi inavutwa hadi kwenye jeti. Kazi ambayo ingekwisha Jumamosi moja, kwa lita ya oili na plagi mpya, inageuka kuwa kubadili pistoni na kuchonga silinda.

Kwa sababu hiyo fuata hatua kwa mpangilio wake. Kiki ya kuwasha inakuja katika hatua ya nane, na haiji mapema zaidi.

Nimeandika nikiwa na picha ya pikipiki tulizonazo wengi: Boxer, TVS, Honda CG na za Kichina kama SanLG na Fekon, za cc 100 hadi 150, zenye kabureta na zisizochanganyiwa oili kwenye petroli. Kama yako inatumia injekta, maelezo ya betri, oili, breki na tairi yanakuhusu vilevile, lakini upande wa mafuta mwachie fundi mwenye kifaa cha kuusoma mfumo huo.

KISANDUKU: KAMA UNAINUNUA IKIWA IMELALA

Pikipiki iliyolala huuzwa kwa bei ya kutupa, na hapo ndipo watu wanapoumia. Kabla hujatoa hela wala kushika spana:

☐ Kadi ya usajili ipo, na jina lililomo ni la huyo anayekuuzia au la mtu anayeweza kufika.
☐ Namba ya chesisi na namba ya injini zinalingana na kadi. Futa kutu kwa kitambaa chenye mafuta uzisome mwenyewe, usisomewe.
☐ Mkataba wa mauziano umeandikwa, una mashahidi, na umiliki utahamishwa TRA.
☐ Pikipiki haina faini za barabarani zisizolipwa. Angalia kwa namba ya usajili kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi.

NINI KIMETOKEA ILIPOKUWA IMELALA

Anza na petroli. Sehemu zake nyepesi ndizo zinazoshika moto upesi, na ndizo zinazopotea kwanza kama mvuke. Kinachobaki ni kizito, kinachanganyika na hewa na kuwa gundi ya kahawia. Kwa joto letu la pwani, miezi michache inatosha kuanza kuiharibu petroli iliyobaki kwenye bakuli la kabureta, kwa sababu pale ni kidogo na hewa inaifikia. Tundu la jeti ndogo ni jembamba mno. Gundi kidogo tu inaliziba.

Halafu kuna hewa yenyewe. Upepo wa kusi, unaotujia kutoka baharini takriban Aprili hadi Septemba, hubeba chembe za maji ya chumvi, na chumvi ikishatua kwenye chuma huvuta unyevu kila siku, hata pasipo mvua. Usiku joto linaposhuka, unyevu ulio ndani ya tangi nusu tupu hugeuka matone kwenye kuta zake. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yanateremka hadi chini kabisa, yanakaa pale kwenye koki na kula chuma. Ndiyo maana tangi linaweza kung'aa ukilitazama kwa juu na huku chini limeoza.

Pikipiki iliyokuwa ikibeba samaki kutoka soko la ufukweni Bagamoyo kwenda Bunju na Tegeta ina shida yake ya ziada. Maji ya barafu yenye chumvi huvuja kutoka kwenye tenga, yanatiririka kwenye fremu ya nyuma, sproketi, spoku na boksi la betri. Ikiwa ililazwa bila kuoshwa kwa maji baridi, anza kuikagua nyuma kwenda mbele. Hali ni hiyo hiyo kwa iliyokuwa ikifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Nunge, au kwenye mwani kule Mlingotini.

Mwisho, wakazi. Nyigu wanapenda kujenga kwa udongo ndani ya ekzosi na kwenye mrija wa hewa. Panya hutafuna waya na kufanya kiota kwenye kichujio cha hewa. Banda la makuti linadondosha vumbi kila upepo unapovuma, na vumbi hilo hujaa pembeni mwa plagi, mahali pabaya kuliko pote.

UTAKACHOHITAJI

☐ Spana za namba 8 hadi 17, bisibisi ya nyota na ya bapa, spana ya plagi
☐ Oili ya pikipiki lita moja na kidogo, 20W-50 au ile iliyotajwa kwenye kitabu chake
☐ Plagi mpya ya namba ile ile
☐ Petroli mpya lita mbili, ya kituoni
☐ Dumu lenye kifuniko kwa petroli ya zamani, na beseni la chuma
☐ Mita ya umeme, yako au ya kuazima
☐ Msasa laini, grisi, mswaki wa zamani, vitambaa
☐ Kipande cha mshipi mwembamba wa nailoni wa kuvulia
☐ Simu, ya kupiga picha kila kitu kabla hujakifungua

Petroli usiinunue kwenye chupa za kandokando ya barabara kwa kazi hii. Huenda ni nzuri, lakini leo unatafuta ugonjwa, na usipokuwa na uhakika na petroli hutajua kosa liko wapi.

ONYO. Fanya kazi nje, kivulini, mbali na jiko la mkaa, kibatari na mvuta sigara. Mvuke wa petroli hutambaa chini na unaweza kuufuata moto ulio hatua kadhaa kutoka ulipo. Weka ndoo ya mchanga karibu. Maji hayazimi moto wa petroli, huutawanya.

HATUA YA 1: ITAZAME NA KUIOSHA

Swichi iwe imezimwa. Isimamishe kwa stendi kubwa. Mulika ndani ya ekzosi. Kama kuna udongo wa nyigu, ukwangue taratibu kwa waya uliopindwa na uutoe nje, usiusukume ndani. Toa kiti, kifuniko cha pembeni na betri, fuata waya zote kwa macho kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma. Palipotafunwa, unganisha na funga kwa solotepu ya umeme kabla betri haijarudi.

Kisha puliza au futa vumbi lote kuzunguka plagi, na osha pikipiki kwa maji baridi na sabuni kidogo. Ziba ekzosi na mdomo wa hewa kwa kitambaa wakati wa kuosha. Usitumie maji ya presha ya kituo cha kuoshea magari, maana yanapenya hadi kwenye beringi zilizokwisha kukauka grisi. Iache ikauke kabisa.

HATUA YA 2: MWAGA PETROLI YA ZAMANI YOTE

Chomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, uelekeze kwenye dumu, fungua koki. Usinyonye kwa mdomo kamwe. Petroli ikipenya mapafuni hata kidogo inaweza kumlaza mtu hospitali, na mtoto inaweza kumuua.

Nusa na utazame. Petroli nzima ina harufu kali na rangi nyepesi. Iliyoharibika hunuka kama vanishi na imegeuka kahawia. Ikiwa haitoki kabisa, koki imeziba, nawe umeshapata jibu la kwanza.

Tangi likishamwagika na kupata hewa, lifungue na ulitoe. Mulika kwa tochi ndani, hasa chini upande wa koki. Kutu ya vumbi jepesi hutoka kwa kusukasuka na petroli kidogo mara mbili tatu. Kutu ya magamba inataka siki nyeupe: ziba tundu la koki, jaza siki, acha siku moja hadi mbili, mwaga, suuza kwa maji yenye magadi ya kupikia, suuza tena kwa maji safi, kausha juani mdomo ukiwa chini, kisha mara moja pakaza ndani petroli iliyochanganywa na oili kidogo. Ukichelewa hapo mwisho, kwa hewa ya Bagamoyo, kutu mpya inaonekana siku ile ile. Kama ukibonyeza chini ya tangi kwa kidole gumba chuma kinalegea, siki haitasaidia; tafuta tangi jingine.

Petroli ya zamani usiimwage mchangani. Visima vyetu vingi ni vifupi, na kinachomwagwa uani kinafika kwenye ndoo ya jirani. Mpelekee fundi, hutumia kuoshea vyuma. Isiwekwe kwenye chupa ya maji ya kunywa hata kwa dakika tano.

HATUA YA 3: LAINISHA NA UZUNGUSHE KWA MKONO

Hapa ndipo mashine inapookolewa.

1. Toa plagi. Hakikisha hakuna mchanga uliodondokea tunduni.
2. Mimina vijiko viwili vya chai vya oili safi ndani ya tundu la plagi.
3. Acha saa kadhaa. Ukiweza, iache ilale usiku mmoja.
4. Weka gia ya juu kabisa, gurudumu la nyuma likiwa hewani.
5. Zungusha gurudumu kwa mkono, polepole, mbele. Plagi ikiwa nje, mashine nzima inazunguka bila kubisha sana.
6. Ikizunguka raundi kadhaa laini, rudisha nyutro, funika tundu kwa kitambaa na piga kiki mara chache taratibu ili oili ya ziada itoke.

Isipozunguka, ringi zimekamata kwenye silinda. Usisimame juu ya kiki. Usiivute kwa gari. Ongeza oili iliyochanganywa na dizeli kidogo, subiri siku mbili, jaribu tena kwa kusukuma gurudumu mbele na nyuma kwa nguvu ya mkono tu. Ikigoma baada ya siku nne tano, kichwa cha silinda lazima kifunguliwe. Mpelekee fundi, na mweleze ulichofanya.

HATUA YA 4: BADILI OILI KABLA YA KUWASHA

Oili iliyokaa imebeba unyevu na asidi. Chukua ya kwanza inayotoka uitazame kwenye beseni. Nyeusi tu, ni umri. Ikiwa imechanganyika rangi ya maziwa, kuna maji: funga, weka oili mpya, na panga kuibadili tena mara baada ya safari ya kwanza fupi. Ikinuka petroli na ujazo umezidi, kabureta ilikuwa inavujisha petroli hadi ndani ya injini; hatua ya tano itakuwa ndefu kidogo.

Safisha chujio cha oili kama kipo chini ya injini. Jaza hadi kwenye alama. Nyingi za cc 100 hadi 150 huchukua karibu lita moja, lakini kijiti au kioo ndicho kinachoamua. Usitumie oili ya gari kwa sababu tu ni rahisi kupatikana. Kwenye pikipiki hizi klachi inaogelea ndani ya oili hiyo hiyo, na baadhi ya oili za magari zina viungo vinavyoifanya iteleze. Tafuta kopo lenye herufi JASO MA.

HATUA YA 5: KABURETA

Wengi hujaribu kuikwepa hatua hii kwa kugongagonga kabureta kwa mpini wa bisibisi. Usipoteze muda. Kama pikipiki imelala zaidi ya miezi mitatu na petroli ndani, ifungue.

Nilimtazama fundi mmoja wa Magomeni, Bagamoyo, akifungua bakuli la Boxer iliyolala masika mawili chini ya makuti. Chini kulikuwa na ngozi ya kahawia inayonata kama gundi ya viatu, na kuizunguka jeti kubwa kulikuwa na unga wa kijani, shaba ilivyoliwa na maji. Boya lilikuwa limegandia juu. Mwenyewe alikuwa ameshabadili plagi mbili na koili moja. Cheche ilikuwepo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni petroli.

1. Funga koki. Piga picha za waya na mipira yote. Fungua bakuli la chini taratibu, gasketi isichanike.
2. Chomoa kipini cha boya, toa boya na sindano yake. Tikisa boya sikioni. Likisikika maji ndani, limetoboka, badili.
3. Tazama ncha ya sindano. Ikiwa na alama ya duara iliyochimbika, haitaziba tena na petroli itafurika. Badili.
4. Fungua jeti kubwa na jeti ndogo kwa bisibisi inayoenea vizuri. Shaba ni laini. Bisibisi ndogo inaikwangua na hutaitoa tena.
5. Skrubu ya hewa iliyo pembeni: kwanza ikaze taratibu hadi mwisho ukihesabu mizunguko, andika namba, ndipo uitoe. Utairudisha kwa hesabu hiyo.
6. Loweka jeti kwenye petroli mpya au puliza spreyi ya kabureta. Zielekeze kwenye mwanga: lazima uone duara safi. Pitisha mshipi wa nailoni. Usitumie waya wa chuma wala sindano, unapanua tundu na pikipiki itakula mafuta milele.
7. Puliza kila njia ya kabureta kwa pampu ya kujazia upepo. Hewa ikiingia huku lazima itoke kule. Funga macho kidogo, matone yanaruka.
8. Kama kuna diaframu ya mpira juu, itoe kabla ya spreyi. Imulike juani, ikiwa na tundu, haifai.
9. Rudisha kila kitu kwa kufuata picha zako. Badili mpira wa mafuta uliokauka na kupasuka, weka na kichujio kidogo cha mafuta kama hakikuwepo.

Kichujio cha hewa: cha sponji kioshe kwa sabuni, kikauke, kipake oili kidogo ukikamue. Kikivunjika vunjika mkononi, nunua kingine. Vipande vyake vikinyonywa vinaingia moja kwa moja kwenye silinda.

HATUA YA 6: BETRI NA WAYA

Pima betri ikiwa peke yake. Volti 12.6 na zaidi, imejaa. Volti 12, imeisha, ichaji. Chini ya 10.5 baada ya kukaa muda mrefu, mara nyingi sehemu moja ya ndani imekufa na chaji haitashika. Chaji ya betri ya pikipiki iwe ya polepole, chini ya ampea moja kwa betri ndogo. Chaja kubwa ya magari inaichemsha. Betri ya maji iongezwe maji ya betri tu. Ya bomba au ya kisima yana chumvi, na hiyo ndiyo tunayoikimbia.

Sugua vichwa vya betri kwa msasa, pamoja na pale waya hasi unapofungwa kwenye fremu. Huo mwisho wa pili husahauliwa na watu wengi, na pwani ndio unaoliwa kwanza. Paka grisi nyembamba juu ukishakaza. Fyuzi ikikatika weka nyingine ya ampea ile ile. Karatasi ya sigara badala ya fyuzi imeunguza pikipiki nyingi.

HATUA YA 7: CHECHE

Weka plagi mpya kwenye kofia yake, igusishe chuma cha injini mbali na tundu la plagi, fungua swichi, piga kiki. Cheche iwe ya bluu na yenye mlio. Ikiwa nyekundu hafifu au haipo, angalia kwanza swichi ya kuzimia mkononi, kofia ya plagi na viunganishi vyenye kutu. Pikipiki nyingi za kiki hutoa cheche hata bila betri, kwa hiyo usikimbilie kununua betri wala koili. Nafasi ya plagi huwa kati ya milimita 0.6 na 0.8, kitabu cha pikipiki yako kitasema ipi.

HATUA YA 8: SASA KIKI

1. Rudisha plagi na tangi mahali pake, tia petroli mpya iliyobaki, fungua koki, subiri dakika mbili. Tazama chini. Ikidondoka, funga, rudi kwenye sindano ya boya.
2. Weka nyutro. Vuta choki. Usivute mafuta kwa mkono.
3. Piga kiki kamili, mguu ukifuata hadi chini. Mara kumi hadi kumi na tano zinatosha. Kama unatumia stata, sekunde tano, kisha ipumzike.
4. Ikiwaka, usiikoromeshe. Iache kwenye sailensa, rudisha choki taratibu kadiri inavyopata joto.
5. Sikiliza. Mlio wa chuma kugonga chuma, zima mara moja.

Moshi mweupe au wa bluu mwanzoni ni ile oili uliyomimina. Unapaswa kupungua ndani ya dakika chache. Ukiendelea kuwa wa bluu baada ya safari ya kwanza, ringi au oili sili za vali zimechoka.

ONYO. Usiiwashe ndani ya chumba wala kwenye banda lililofungwa. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na inaua mtu huku anahisi usingizi tu.

KISANDUKU: IKIGOMA

Cheche ipo, plagi kavu: petroli haifiki. Koki, mpira au sindano iliyoganda.
Plagi imelowa: petroli imezidi. Rudisha choki, kausha plagi, jaribu tena.
Inawaka kwa choki tu: jeti ndogo bado ina uchafu.
Inawaka, inazima ukivuta mafuta: jeti kubwa, au kichujio cha hewa kimeziba.
Inakwenda kidogo, inazima, ikipumzika inawaka: tundu la hewa la kifuniko cha tangi limeziba. Fungua kifuniko, sikiliza kama inavuta pumzi.
Kiki ni nyepesi mno, haina ubishi: mgandamizo haupo. Vali au ringi. Nenda kwa fundi.

HATUA YA 9: BREKI, KABLA HAIJATOKA GETINI

Injini ikishawaka watu hufurahi na kuondoka. Ningependa usimame hapa kuliko mahali pengine popote. Injini mbovu itakuacha njiani, breki mbovu itakuingiza chini ya fuso.

Fungua magurudumu yote mawili. Kwenye breki shuu, unyevu wa chumvi hupenya kati ya chuma na ile sehemu ya kusugua iliyogundishwa juu yake, ikaanza kubanduka. Kwa macho inaonekana nene na nzima. Ibonyeze kwa ncha ya bisibisi pembeni. Ikinyanyuka hata kidogo, tupa seti nzima. Ikibanduka barabarani huenda ikajikunja ndani na gurudumu likakamata ghafla. Sugua kutu ya ndani ya habu kwa msasa, futa vumbi kwa kitambaa chenye maji (usilipulize, ni baya kwa mapafu), paka grisi kidogo sana kwenye kamu peke yake.

Breki ya diski: mafuta ya breki yanavuta maji, hivyo yabadilishwe yote kwa aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. Bonyeza mkono wa breki, achia, zungusha gurudumu. Likibaki zito, pistoni ya kalipa imeshika kutu.

Mengine kwa haraka:

☐ Tairi: tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpasuko unaoingia kati ya kashata au pembeni, badili, hata kashata ziwe ndefu.
☐ Upepo: pikipiki nyingi za aina hii huhitaji karibu psi 25 mbele, na 28 hadi 32 nyuma kulingana na mzigo.
☐ Spoku: zigonge moja moja kwa spana. Yenye mlio mfu imelegea au imeliwa kwenye rimu.
☐ Cheni: ioshe kwa dizeli, ipake oili. Icheze milimita 20 hadi 30. Pingili zisizokunjika, badili cheni na sproketi pamoja.
☐ Klachi: injini ikiwa imezimwa, weka gia ya kwanza, shika klachi, sukuma. Isipotembea, sahani zimegandana. Shikilia klachi na uitikise mbele na nyuma hadi ziachane. Usiijaribu kwa kuiwasha, itaruka nawe.
☐ Waya za klachi, breki na mafuta: ukivuta mafuta na kuachia, mkono lazima urudi wenyewe.
☐ Taa, indiketa, honi.

HATUA YA 10: SAFARI YA KWANZA

Kabla ya kuingia barabarani, bima iwe hai. Bima ya watu wengine ndiyo ya chini kabisa sheria inayoitaka, na ya mwaka uliopita haikulindi. Leseni iwe na daraja la pikipiki, kofia ngumu kichwani. Ada ya mwaka ya leseni ya chombo iliyotusumbua zamani ilifutwa mwaka 2017, usikubali kudaiwa ya mwaka huu na mtu yeyote. Kama ni ya biashara, kibali cha usafirishaji nacho kiwe hai.

Chagua barabara tulivu, kama ile ya kwenda Kaole, asubuhi. Usianze na barabara kuu ya Dar es Salaam yenye daladala na malori, wala ile ya Makofia kwenda Msata, ambako pikipiki ikizima utaisukuma mbali. Nenda kilomita moja, simama, gusa habu zote mbili. Yenye moto kuliko mwenzake, breki yake haiachii. Kagua matone chini ya injini. Rudi, kaza bolti zote tena. Oili ibadilishwe tena baada ya kilomita 200 au 300, kwa sababu hiyo ya kwanza imekuoshea uchafu wa ndani.

UKITAKA KUILAZA TENA

Ioshe kwa maji baridi, iwashe ikauke kwa joto lake. Jaza tangi hadi juu ili hewa yenye unyevu ikose nafasi, funga koki, fungua skrubu ya chini ya bakuli la kabureta umwage petroli yote. Badili oili. Toa betri uiweke ndani ya nyumba na uichaji kila mwezi. Ziba ekzosi kwa kitambaa chenye oili, na funga kamba nyekundu kwenye usukani ikukumbushe kukitoa. Ifunike kwa shuka kuukuu. Turubai la nailoni linafungia unyevu ndani na kuioza. Iwekwe upande wa nyumba usioelekea bahari.

Kazi yote hiyo haizidi saa moja. Kama unajua leo kwamba masika yajayo hutaiendesha, anza na bakuli la kabureta jioni hii hii.